Chetezo cha Bi Ghania

Khairat alikuwa ameapa zamani kwamba siku atakapoingia nyumba ya akina Mundhir, ataingia kwa mlango wa mbele. Na kweli, Jumatano ile baada ya sala ya alasiri, kwa mlango wa mbele ndiko alikoingilia, kavaa baibui jipya na mtandio wa zambarau, kisanduku chake kakipakata kwa mikono miwili utadhani kabeba mtoto mchanga.

Mlango wa nyuma aliujua vya kutosha. Baba yake, Bakar, alikwea mikarafuu ya nyumba hii ya Mkoani kwa miaka kumi na minane, na kila msimu mama yake, Bi Mize, alikuja na Khairat kutoka Wambaa kuchambua. Walipita uani, wakakaa jamvini na wanawake wengine, wakatenga karafuu na makonyo yake, vile vijiti vyake, mpaka vidole vikawa vyeusi. Mundhir, mwana wa mwenye nyumba, wakati huo kijana wa skuli, alikuwa akipita pale kwa kisingizio cha kufuata maji ya kunywa. Maji gani hayo, wallahi, ya mtu kuyafuata mara sita kwa jioni moja? Wanawake walikuwa wakifinyana na kucheka. Khairat aliinamia karafuu zake, moyo unamwenda mbio, na alijua kabisa kuwa kijana hana kiu.

Leo Mundhir alikuwa mtu mzima, ana duka lake la dawa, na alikuwa amesimama kwenye baraza anamsubiri. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Alipomwona Khairat anapanda ngazi, akasahau hata kuitikia salamu.

"Nimekwambia asalaam aleikum," Khairat akarudia.

"Waaleikum salaam. Nisamehe, nilikuwa natazama."

"Unatazama nini?"

"Kisanduku," Mundhir akasema, na macho yake hayakuwa kwenye kisanduku hata kidogo.

Khairat akajifanya hakuelewa. Lakini uso ulimpata joto, na furaha ikamjaa kifuani, maana miaka yote hii mtu huyu hakuwahi kujifunza kudanganya.

"Nna neno la kukwambia kabla hatujaingia," Mundhir akasema, sauti ameishusha. "Mama kaletewa barua na mjomba kutoka Wete. Wanataka jibu Ijumaa, kuhusu mimi kumwoa binti yake, Abeer."

"Na wewe umejibu nini?"

"Nimejibu sitaki. Nimesema nakutaka wewe, na nimesema mbele ya Mama na Baba. Mama akalia siku mbili. Anasema itakuwaje aliyekwea mikarafuu yetu aje akae nasi meza moja kama mkwe. Baba yeye hakulia. Kasema hivi, kisanduku chako cha kunusia karafuu kikiweza kulingana na pua yake, atakwenda Wambaa mwenyewe kuposa. Kikishindwa, mjomba atajibiwa anavyotaka Mama."

Khairat akasimama palepale kwenye ngazi ya mwisho.

"Mundhir, nenda kamwambie baba yako mimi si dau. Kisanduku kishinde, kisishinde, hiyo ni kazi yangu na nitaisimamia. Lakini mimi siwekwi mezani na trei za karafuu. Baba yangu ana mguu mmoja uliovunjika kwa kuanguka kwenye mkarafuu wenu, na bado anatembea kichwa juu. Mimi nitainamishaje changu?"

"Nilijua utasema hivyo."

"Ulijua, ukanileta?"

"Nilitaka wakusikie ukisema," Mundhir akajibu. Na hapo, msomaji wangu, ungekuwa wewe ungefanya nini? Khairat alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja.

Wakaingia. Mundhir alimsaidia kuweka kisanduku juu ya meza ya ukumbini. Kilikuwa chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, kimetobolewa matundu ubavuni, na juu yake kuna taa tatu ndogo, ya kijani, nyekundu na buluu.

"Ya kijani karafuu nzima, nyekundu zinaanza kuvunda," Mundhir akasema. "Hii ya buluu hukuniambia."

Khairat akacheka kwa aibu. "Hiyo ni adabu niliyotiwa. Nilikifundishia nyumbani, Wambaa. Karafuu nzuri nilikuwa nikizipata Alhamisi, na Alhamisi jioni mama yangu hufukiza nyumba nzima kwa ajili ya Ijumaa. Miezi mitano nakifundisha. Siku moja nikakinusisha karafuu mbovu kabisa, chungu zima, kikawasha kijani. Kumbe mwenzangu alikuwa amejifunza udi. Popote penye udi, kwake yeye karafuu ni nzuri."

"Ukafanya nini?"

"Nikalia. Halafu nikakifundisha upya, nikakipa na udi taa yake. Sasa hata ukipita na chembe ya udi mlangoni, buluu inawaka. Hapo hakikosei kamwe."

Mzee Mbaruk, baba yake Mundhir, akatoka chumbani. Mkoani yote walimwita Pua. Mtu akianika karafuu zake, kabla hajazipeleka kituoni kuziuza, alikuja kumwomba Mzee Mbaruk azinuse. Akisema nzuri, gunia linashonwa mdomo, na gunia alilolinusa Mzee Mbaruk halifunguliwi tena na mtu. Kulifungua ni kumtukana. Desturi hiyo ilianza kwa babake, na yeye aliibeba kwa heshima kubwa, mgongo umenyooka ijapokuwa miaka sabini na mbili imeshamkalia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bakar hajambo na mguu wake?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Anakusalimu."

"Hakuna aliyekuwa akikwea kama yeye," Mzee akasema, na akakaa. "Haya, nieleze jambo lako. Nasikia umetengeneza ubongo."

"Si ubongo, Mzee. Umeigizwa tu." Khairat akakaa kwenye ukingo wa kiti, na alipoanza kusema juu ya kazi yake, woga wote ulimtoka. "Kompyuta hizi za kawaida zinafanya kazi wakati wote, pawe na jambo pasiwe na jambo, ndiyo maana zinakula umeme mwingi. Sisi hatuko hivyo. Wewe umekaa hapa, husikii harufu ya nyumba yako, umeizoea. Likiungua jambo jikoni, mara moja unashtuka. Chipu hii nayo ni hivyo. Ndani yake mna vitu vidogo mno vinavyofanya kama mishipa ya fahamu, vimelala. Harufu ikibadilika, vinaamka na kuambiana, na kila vikiambiana njia kati yao inakuwa pana zaidi. Ndivyo inavyojifunza. Betri mbili za tochi zinaitosha msimu mzima. Unaiweka juu ya gunia ghalani, unakwenda kulala, nayo inakulindia."

"Na nani kaifundisha karafuu za Pemba?"

"Mimi. Kule ng'ambo nilikosomea walinipa chipu tupu, haijui chochote. Nimekuja nayo nyumbani nikaisomesha."

Mzee Mbaruk akatikisa kichwa polepole. Huenda alipendezwa. Lakini kabla hajasema, pazia la ndani likafunguliwa na Bi Ghania, mama yake Mundhir, akaingia, kajifunga kanga ya heshima, mkononi kashika chetezo kinachotoa moshi.

"Masalkheri, Bi Ghania. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu." Sauti ilikuwa laini na baridi. Akazungusha chetezo mbele ya Khairat mara moja, mara mbili, kama inavyotakiwa kwa kila mgeni, halafu akakiweka pembeni ya meza.

Khairat akavuta pumzi, na moyo ukamwanguka. Makaa. Makaa matupu yaliyochochewa yatoe moshi. Hapakuwa na udi hata punje. Desturi ilitimizwa, na heshima ilinyimwa, na yakafanywa yote mawili kwa mkono mmoja, mbele ya mwanawe asiyejua kutofautisha, maana Mundhir mafua yalimfanya aongee puani wiki nzima. Ni wanawake tu ndio waliosikilizana pale. Bi Ghania alimtazama usoni, na macho yake yakasema wazi: udi wangu si wa binti wa Bakar.

"Masha Allah," Mzee Mbaruk akasema, akiutazama moshi ukipanda. "Udi wa leo mzuri sana, Bi Ghania."

Khairat akahisi damu inampanda. Kwa hiyo wamekubaliana. Mume na mke wamekaa wakapanga kumdhihaki, mmoja alete makaa, mwingine ayasifu. Alitaka kuinuka pale pale, achukue kisanduku chake, ashuke zile ngazi na asizipande tena mpaka anaingia kaburini. Akamtazama Mundhir. Mundhir alikuwa anamtazama yeye, kwa fahari waziwazi, kama mtu anayeonesha watu nyumba aliyoijenga mwenyewe. Khairat akabaki kitini kwa ajili ya uso ule.

"Tuanze," akasema.

Mundhir akaleta trei nne za karafuu. Mzee Mbaruk alichukua konzi ya kwanza, akaisugua viganjani, akavunja moja kwa ukucha karibu na sikio, akaitafuna, na mwisho akaipeleka puani. "Nzuri." Kisanduku kikawasha kijani. Ya pili, "Nzuri." Kijani. Ya tatu akaivunja, haikutoa mlio, akaitema. "Imevunda hii." Nyekundu. Ya nne, kijani. Bi Ghania alikuwa amekaa mbali karibu na pazia, midomo kaibana.

"Trei ni mchezo," Mzee akasema, na sasa alikuwa anatabasamu. "Leta lile gunia la Nassor. Nililinusa jana, lishonwe leo."

Gunia likaletwa, mdomo wazi. Mzee Mbaruk akatia mkono juu, akatoa konzi, akasugua, akavunja, ikalia vizuri. Akanusa. "Kavu, tamu. Hata harufu yake tamu."

Khairat akaweka kisanduku juu ya mdomo wa gunia. Wakangoja. Taa ikawaka.

Nyekundu.

Khairat aliinama akijifanya anarekebisha waya, na alipoinama hivyo, kutoka kule chini kwenye gunia ikamjia harufu kali ya uchachu. Ilikuwa dhahiri. Hata pua yake ya kawaida iliipata. Vipi mtu aitwaye Pua asiipate?

Ndipo akayakumbuka yote mara moja. Ukucha karibu na sikio. Kutafuna. Pua mwisho kabisa, kwa desturi tu. Na udi ule aliousifu huku macho yake yakiwa kwenye moshi. Mzee Mbaruk hakuwa amepanga kumdhihaki mtu. Mzee Mbaruk hasikii harufu.

Ya Rabbi. Hasikii kabisa, na hakuna anayejua, hata mkewe.

"Basi," Bi Ghania akasema kutoka kule pembeni. "Kimeshindwa. Mzee kasema nzuri."

Khairat akainuka. Alikuwa na neno moja tu la kusema, limwageni gunia, na angeshinda. Angeolewa na mtu aliyempenda tangu siku za maji ya kunywa. Na mzee yule angeanguka mbele ya mke na mwana, na kesho mbele ya Mkoani nzima. Akamtazama. Vidole vya Mzee vilikuwa vimebana mkono wa kiti mpaka vimekuwa vyeupe, na macho yake yalikuwa yanamwangalia yeye, yanangoja. Alijua. Alijua kwamba binti huyu kaelewa.

Khairat alijivunia vitu vingi maishani, shahada yake, mikono yake, baba yake. Siku ile alijivunia kwamba aliweza kunyamaza.

"Mzee," akasema, "tuishie hapa. Kisanduku changu bado hakijaizoea nyumba hii." Hakusema uongo. Akaanza kukusanya nyaya zake.

"Lakini Khairat," Mundhir akasema, "mbona taa ya buluu nayo haiku—"

"Mundhir, nishikie huu waya."

"Si ulisema hata chembe—"

"Nishikie waya, tafadhali."

"Subirini," Mzee Mbaruk akasema. Hakupaza sauti. "Taa ya buluu ni ya nini?"

Kunyamaza Khairat aliweza, lakini kumdanganya mzee aliyemuuliza uso kwa uso, hilo hakulelewa nalo.

"Ya udi, Mzee."

"Na haikuwaka."

"Haikuwaka."

"Na chetezo kipo hapo mezani, kando yake."

"Kipo, Mzee. Pengine imeungua, taa hizi huungua."

Mzee Mbaruk akageuza kichwa kumtazama mkewe. Na Bi Ghania, wasomaji, alikuwa na njia nyepesi kabisa mbele yake. Aseme tu kisanduku kibovu. Aibu yake ingefunikwa, Abeer angekuwa mkwe wake, na binti wa Bakar angerudi Wambaa na plastiki yake. Akafungua kinywa. Kisha akauona uso wa mumewe, uso aliolala nao miaka arubaini, na mambo madogo madogo yakaanza kumrudia: mchuzi ulioungua mwaka jana akaula kimya, moshi wa jikoni aliokaa nao, asumini ambayo yeye mwenyewe alijitia nyweleni na asisifiwe tena, akadhani kazeeka.

"Taa nzima," akasema. "Sikutia udi. Nilitia makaa."

Mundhir akamgeukia. "Mama?"

"Nilitia makaa, mwanangu. Sikutaka kumfukizia." Machozi yakamshuka, hakuyafuta. Lakini hakuwa anamtazama Mundhir. "Mbaruk. Wewe uliusifu."

Huko nje watu walikuwa wanapita barabarani kuteremka bandarini, wanazungumza, wanacheka.

"Tangu ile homa," Mzee akasema. "Mwaka wa pili huu. Nilidhani itarudi. Nikasema wiki hii, nikasema mwezi huu. Watu wakaendelea kuja na magunia yao, nami nikawa navunja na kusikiliza. Kwa juu sikosei. Ndani ya gunia sijui kitu." Akashusha pumzi. "Sikujua nikueleze vipi, Bi Ghania. Wewe unajitia asumini, nami siisikii."

Bi Ghania akafunika uso kwa upindo wa kanga.

"Mundhir," Mzee akasema, "limwage gunia."

"Baba, hakuna haja."

"Limwage. Nassor aliniamini."

Mundhir akatandika jamvi, akalimwaga. Juu zilikuwa nzuri, nyekundu ya kahawia, kavu. Katikati zikatoka zimeshikana, zimeota ukungu mweupe. Zilinyeshewa mvua ya usiku mmoja, zikafunikwa na zilizokauka, na hakuna aliyekusudia ubaya. Mzee Mbaruk akaziinamia, akazishika, akainuka.

"Binti Bakar, ulijua."

"Nilijua, Mzee."

"Na ulikuwa unaondoka."

"Nilikuwa naondoka."

"Kwa nini?"

Khairat akanyanyua kidevu. Alikuwa na machozi, lakini kidevu alikinyanyua. "Sikutengeneza kisanduku hiki kije kimfedheheshe mtu, Mzee. Nilikitengeneza kimsaidie anayenusa. Na nilishamwambia Mundhir, mimi si dau. Kama nyumba hii itanitaka, initake mimi. Haiwezi kunitaka kwa kuwa wewe umeanguka."

Mundhir hakuweza tena kukaa kimya. "Baba, mimi nilimtaka kabla hajajua hata kuunganisha betri. Mkienda Wambaa, mtaniheshimu. Msipokwenda, nitakwenda peke yangu, nikamshike mkono Mzee Bakar nimwombe mwenyewe."

"Nani kasema hatwendi?" Mzee Mbaruk akasema. "Bakar yupo nyumbani Ijumaa?"

"Yupo," Khairat akajibu, na sauti ikamtoka ndogo kama ya msichana wa jamvini.

"Mwambie nakuja baada ya sala. Nitapita mlango wake wa mbele, na nitangoja mpaka aniambie karibu. Na hiki kisanduku kibaki hapa. Akija mtu na gunia, nitamwambia wazi, mimi naangalia kwa mkono, pua yangu ni hii iliyoko mezani, na aliyeisomesha ni mkwe wangu."

Bi Ghania akainuka, akaingia ndani. Khairat akamsikia akifungua sanduku, akisogeza vitu. Alidhani mama yule amekwenda kulia peke yake, na akamwonea huruma kuliko alivyotarajia. Lakini pazia likafunguka tena. Bi Ghania alikuwa kashika kijaluba cha fedha cha arusi yake mwenyewe. Akachota udi kwa vidole viwili, akautia kwenye makaa, akachota tena, akatia, akachota mara ya tatu. Moshi mzito ukapanda. Akapiga magoti mbele ya Khairat, yeye Bi Ghania, akapitisha chetezo chini ya baibui lake, akakizungusha mpaka moshi ukamtokea shingoni.

"Nyanyua mtandio, mwanangu," akasema. "Uingie na nywele."

Khairat akaunyanyua.

Mezani, taa ya buluu ikawaka.

Mundhir akaiona kwanza, akamgusa baba yake bega. Mzee Mbaruk akageuka, akaitazama taa ile ndogo, akaitazama kwa muda mrefu.

"Sasa nausikia," akasema.